Mnanaha: gugu la nyuma ya zizi linaloingia kwenye mboga na unga bila kupiga hodi

Nenda nyuma ya zizi lolote pale samadi inapomwagwa, au kwenye kiwanja kilichochimbwa msingi alafu mwenyewe akaishiwa hela, au pembeni ya jalala la mtaa. Kuna uwezekano mkubwa ukakuta mmea mmoja wa majani mapana yaliyochongoka chongoka pembeni, ua jeupe refu la umbo la tarumbeta, na tunda la kijani lenye miiba limesimama wima. Kamusi zinauita mnanaha, wengine wanasema mranaha, watu wa kilimo wanasema datura kwasababu jina lake la kisayansi ni Datura stramonium, na kuna sehemu hauna jina kabisa, ni "yale magugu yanayonuka" basi.

Sasa mtu akisikia mmea una sumu anajua ni habari ya mtoto mtundu aliyeokota tunda akala, au kijana aliyekuwa anatafuta kulewa. Hizo zipo. Ila ukifuatilia matukio makubwa ya huu mmea, wengi walioumia hawakuugusa hata kwa kidole, waliletewa kwenye sahani. Upo kwenye mafungu mawili tunayoyala kila siku, mboga za majani na unga, na hicho ndo kitu nataka tukielewe vizuri leo kabla hatujafika kwenye majani na maua.

Usangi, kule milima ya Upare, kuna mlipuko ulioandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1991, watu waliokula chakula cha nafaka iliyochanganyika na datura wakaishia hospitali wakiwa wamechanganyikiwa. Botswana nao waliripoti sumu ya kundi zima la watu kwa mmea huu huu mwaka 2002. Lakini lililotikisa zaidi ukanda wetu ni la Uganda, Machi 2019, Karamoja na maeneo mengine yaliyokuwa yanapokea msaada wa chakula. Unga wa uji ulioongezwa virutubisho, ule wanaopewa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wenye utapiamlo, ukaanza kuangusha watu. Karibu watu 300 waliugua na watano wakafariki. Mwanzoni kila mtu alikuwa anawaza bakteria, kuvu, dawa za wadudu, vitu vya kawaida vya kuwaza chakula kikiharibu watu, kumbe majibu ya maabara yakaja na atropini na skopolamini, sumu za datura zenyewe. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa lililokuwa linaugawa, ikasimamisha ule unga. Yaani gugu liliota shambani kwa mtu huko mbali, likavunwa pamoja na zao, likasagwa, likafungwa kwenye mifuko safi kabisa yenye maandishi, likavuka mipaka, likafika kwenye kikombe cha mama mjamzito Karamoja.

Na usidhani ni shida ya maskini tu. Desemba 2022 Australia walirudisha spinachi changa kutoka supamaketi, watu zaidi ya 100 walipata dalili, sababu ni gugu hili lililovunwa pamoja na mboga. Mashine inakata kila kitu kilicho mbele yake, haiulizi.

Kisa cha zamani zaidi ambacho nakipenda (kama mtu anaweza kupenda kisa cha sumu) ni cha Jamestown, Virginia, mwaka 1676. Wanajeshi wa Kiingereza walipelekwa kutuliza uasi, wakachuma majani machanga ya datura wakayachemsha kama mboga. Mwandishi Robert Beverley alisimulia mwaka 1705 kwamba walikaa kama wendawazimu siku 11, mmoja anapuliza unyoya hewani, mwingine anaurushia mabua kwa hasira, ikabidi wafungiwe wasijidhuru, na walipopona hawakukumbuka chochote. Angalia hapo vitu viwili: majani machanga, na yamechemshwa. Ndivyo tunavyopika mchicha na mnavu. Kuchemsha hakujawasaidia, na wewe hakutakusaidia, sumu ya datura haiondoki kwa moto wa jikoni.

Haya tuje kwenye kuutambua. Ukiwa umekomaa ni rahisi hata kwa asiyejua, tatizo ni ukiwa mdogo.

Mkubwa unafika usawa wa kiuno hadi kifua kwenye udongo wenye rutuba. Shina ni nene, laini halina manyoya ya kushika, la kijani au lenye rangi ya zambarau. Cha kuangalia sana ni linavyogawanyika: linapanda alafu linajigawa mara mbili kama herufi Y, kila tawi nalo linajigawa tena Y, na kwenye kila maungio ya hiyo Y ndipo panakaa ua moja, baadae tunda moja. Sio kishada, ni moja moja. Majani ni makubwa, ya kijani iliyokolea, pembeni yana meno makubwa yasiyolingana. Ua ni refu, sentimita 6 mpaka 10 hivi, jeupe au zambarau, linafunguka jioni. Tunda lina ukubwa wa yai dogo, limejaa miiba, limesimama kuangalia juu, na likikauka linapasuka sehemu nne na kumwaga mbegu bapa nyeusi au kahawia iliyokolea, umbo la figo, kama milimita 3. Alafu harufu. Ponda jani kidogo kwa kijiti unuse kwa mbali, ni harufu mbaya nzito ambayo mboga ya kula haina. Nimesema kwa kijiti, ntaeleza kwanini huko mbele.

Mdogo sasa. Mche ukitoka ardhini unaanza na vijani viwili vyembamba virefu, na majani yanayofuata yanakuwa hayana meno bado, ni mazima pembeni, na hapo ndipo unapofanana na mnavu vibaya sana. Sio ajabu, ni ndugu. Mnanaha uko ukoo mmoja na mnavu, nyanya, biringanya, pilipili, viazi mviringo na tumbaku. Kwahiyo mchumaji anayetembea kwenye tuta asubuhi mapema anajaza fungu haraka haraka awahi soko, mche mmoja wa mnanaha kuingia sio jambo la kushangaza, na likishafungwa kwa kamba mteja anaona kijani tu. Mnavu ukianza kutoa maua mchanganyiko unaisha, maana una viua vidogo vyeupe vya nyota vyenye kitovu cha njano na matunda madogo ya mviringo kwenye vishada. Mnanaha hauna kitu kama hicho hata siku moja. Ila nani anasubiri mnavu utoe maua ndo achume?

Kwahiyo ushauri wangu kwa anayechuma mboga za kuota zenyewe ni huu, usichume mche ambao haujaufahamu kwa shina na harufu, na usichume kabisa pale ambapo msimu uliopita kulikuwa na mnanaha uliokomaa, maana miche itakuwepo tu. Na ukinunua fungu sokoni lifungue, chambua jani jani kabla ya kukatakata. Ukishakatakata hakuna mtu duniani atakayetambua.

Kuna mimea mingine inachanganywa na huu na inabidi niiseme. Upo ndugu yake Datura metel, huo watu wanaupanda kabisa kwenye bustani kwasababu maua yake ni mazuri, mengine yako mawili matatu yamevaana, ya zambarau. Tunda lake ni la mviringo linainama badala ya kusimama. Sumu ni ile ile. Kuna na ule mti mdogo wa maua makubwa yanayoning'inia kuangalia chini, utaukuta kwenye mageti na uzio sehemu za baridi, watu wanauita tarumbeta ya malaika, unanukia vizuri usiku. Huo nao una sumu za aina hiyo hiyo, na mimi binafsi siuelewi ukiwekwa jirani na bembea za watoto. Alafu mbarika, ambao nao una matunda ya miiba, ila yako kwenye vishada na majani yake yamegawanyika kama vidole vya mkono. Mbarika una sumu pia tena kali, lakini inafanya kazi tofauti kabisa na haya ninayoeleza, usichanganye dalili.

Sumu inafanyaje kazi? Mwili una kemikali inaitwa asetilikolini, ndiyo inabeba ujumbe wa mishipa ya fahamu kwenda kwenye tezi za mate na jasho, utumbo, kibofu, misuli ya mboni ya jicho, moyo, na ubongo wenyewe. Inatakiwa ikae kwenye sehemu yake maalumu ndo ujumbe upite. Atropini, skopolamini na haiosiamini, zile alkaloidi za mnanaha, zinaiwahi sehemu hiyo na kukaa, ni kama umelipia siti ya daladala alafu unakuta mtu kashakaa na hashuki. Haharibu siti, hafanyi chochote, amekaa tu, na wewe huwezi kusafiri.

Ukiielewa hiyo, dalili zote zinajieleza zenyewe huna haja ya kukariri. Mate hayatoki, mdomo unakauka mpaka kumeza na kuongea ni shida. Jasho halitoki, mwili unapata moto, ngozi inakuwa kavu na nyekundu, kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri kwahiyo shika, usiangalie. Mboni za macho zinapanuka sana, mwanga unaumiza, kusoma huwezi. Moyo unaenda mbio. Mkojo umejaa ila hautoki, tumbo limesimama halisogei. Na ubongo unavurugika, mtu anaongea na watu ambao hawapo, anachuma vitu hewani, anavua nguo, anapigana, hakujui wewe mkewe. Ikizidi inakuja degedege, kupoteza fahamu, na kifo.

Huwa inaanza ndani ya nusu saa mpaka saa moja hivi baada ya kula, na inaweza ikaendelea siku moja au mbili na zaidi, kwasababu tumbo lenyewe limelala kwahiyo majani au mbegu zinakaa humo zinaendelea kutoa sumu polepole. Mtu anaweza akaonekana katulia alafu akaanza tena.

Kuhusu kiasi, kila mbegu inakadiriwa kuwa na takriban miligramu 0.1 ya atropini, na tunda moja linabeba mbegu nyingi, 50, 100, wakati mwingine zaidi. Kwa mtu mzima zaidi ya miligramu 10 za atropini inahesabiwa ni hatari ya kufa, skopolamini hata chini ya hapo, na mtoto hahitaji kufika huko. Ila usifanye hesabu ukaona uko salama. Mmea mmoja na mwingine hailingani kwa sumu, udongo, hali ya hewa, umri wa mmea, sehemu ya mmea, vyote vinabadilisha. Wanaojaribu kupimia "kidogo cha kuchangamka" wanapima kitu kisichopimika, na hilo nalisema kwa vijana kwa sababu hizo stori za mbegu kwenye chai zinazunguka. Tena mwulize aliyewahi kupitia kama kulikuwa na raha yoyote. Hamna. Ni hofu, kiu, na kutojua uko wapi.

Sasa kuna sehemu ambayo kwa maoni yangu inaua zaidi kuliko mmea wenyewe, ni kudhaniwa kitu kingine. Fikiria mtoto kaletwa zahanati ana joto kali, kachanganyikiwa, anapata degedege, tena ni msimu wa mvua. Kila mtu atasema malaria imepanda kichwani, na kumpima malaria ni sahihi kabisa, tatizo ni kuishia hapo. Mtu mzima akiwa anaongea peke yake na kuyumba wanasema kalewa, au kachanganywa, au ana mapepo, na hapo kuna familia zinampeleka kuombewa au kwa mganga huku mkojo umemjaa na moyo unakimbia. Sina ugomvi na maombi, ila anzieni hospitali.

La pili ni gumu zaidi na ni la maeneo ya kilimo. Mtu katoka shambani yuko hovyo, wazo la kwanza la kila mtu ni dawa ya kuua wadudu. Dawa nyingi za wadudu za kundi la oganofosfeti zinafanya kinyume kabisa cha mnanaha, mate yanamwagika, jasho linatiririka, mboni zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano, anaharisha. Na tiba yake kuu ni sindano ya atropini! Yaani kitu kile kile ambacho aliyekula mnanaha tayari kimemzidi mwilini. Kwahiyo anayepokea mgonjwa akiangalia macho na kugusa ngozi anapata mwelekeo: mboni kubwa na ngozi kavu ni upande mmoja, mboni ndogo na mwili umelowa ni upande mwingine. Wahudumu wanalijua hili, lakini wanalijua haraka zaidi ukifika na mmea wenyewe mkononi.

Hapo ndo nasisitiza. Beba mmea. Beba mboga iliyobaki kwenye sufuria, beba unga, beba hata mabaki kwenye sahani, weka kwenye mfuko. Na waliokula chakula hicho hicho waende wote, hata anayejisikia mzima, watu kadhaa wa nyumba moja kuchanganyikiwa kwa pamoja ni taarifa kubwa sana kwa daktari. Usimtapishe mgonjwa kwa vidole au maji ya chumvi, mtu aliyechanganyikiwa anapaliwa. Maziwa hayaondoi alkaloidi. Mpeleke sehemu ya baridi na kivuli, mpunguzie nguo, ongea naye taratibu, usimfunge kamba ukamwacha peke yake. Kule hospitali wanaweza kumpa mkaa maalumu wa dawa kama kawahi (sio mkaa wa jikoni jamani, kuna watu wanasaga), dawa za kutuliza fujo na degedege, kumpoza mwili, kumwekea mpira wa mkojo, na kuangalia moyo. Ipo dawa inayopingana na sumu yenyewe, fizostigimini, ila haipatikani kirahisi na inahitaji uangalizi. Wengi wanaopata huduma mapema wanapona.

Kuna swali ambalo halikosi: mbona wazee walikuwa wanatumia kama dawa? Ni kweli, na sitaki kuwafanya waongo. Majani makavu ya mnanaha yamevutwa kutibu pumu sehemu nyingi za dunia, Ulaya kulikuwa mpaka na sigara za pumu za datura zikiuzwa kihalali kuanzia karne ya 19. Na zilikuwa zinafungua kifua kweli, kwa sababu ile ile ya kuzuia asetilikolini, misuli ya njia za hewa inalegea. Hata leo ipo dawa ya kuvuta ya pumu inaitwa ipratropiamu ambayo ni ya ukoo wa atropini. Atropini yenyewe ipo kwenye kabati la kila hospitali kubwa, skopolamini inatumika kwa kichefuchefu cha safari. Tofauti ni kwamba chupa ya hospitali imeandikwa miligramu ngapi, jani halijaandikwa. Mzee aliyekuwa anajua kiasi alikuwa anakijua kwa mmea wa kwake, wa sehemu yake, na hatukusimuliwa waliomfia.

Na hoja ya "mbuzi wanaula mbona hawafi" iache. Mifugo mingi inaukwepa kwasababu ya harufu na ladha, na wanyama hawafanani na sisi kwenye kuhimili sumu. Mbuzi sio maabara.

Kuung'oa kuna mpangilio wake. Ung'oe kabla ya tunda, ukiwa na maua au kabla, udongo ukiwa na unyevu, shika chini vuta na mzizi. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi. Kushika jani peke yake hakukuui, lakini ukishika alafu ukajifuta jicho, mboni ya hilo jicho moja inapanuka na kuona kunakuwa na ukungu, na mtu mwenye mboni moja kubwa akifika hospitali bila kueleza alikuwa anapalilia anaweza akaanza kuchunguzwa ubongo. Ndo maana nilisema kijiti. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, hasa watoto waliokuwa wanasaidia.

Kama matunda yameshatoka, yakate kwanza uyaweke kwenye mfuko uliofungwa, usiyaache chini na usiyatupe kwenye shimo la mboji. Mbegu zake zina uvumilivu wa kutisha. Marekani kuna jaribio la kuzika mbegu za mimea mbalimbali ardhini lililoanza mwaka 1902, baada ya miaka 39 mbegu nyingi za datura bado ziliota. Kwahiyo msimu mmoja wa kuacha matunda yapasuke ni kazi ya kupalilia ya miaka mingi ijayo. Usiyachome rundo karibu na nyumba pia, moshi wake ndo ule ule waliokuwa wanavuta.

Samadi ya kununua ni mlango mwingine. Ukiiweka bustanini chunguza kinachoota wiki za mwanzo, na mche usioufahamu kwenye tuta la mchicha ung'oe tu, hasara ya mche mmoja sio kitu.

Kwa wanaolima au kusaga nafaka, mambo yanategemea zao. Mahindi ni makubwa, chekeche inaziangusha mbegu za mnanaha chini bila shida. Ulezi ni mdogo, ukichagua chekeche sahihi ulezi unapita na mbegu za mnanaha zinabaki juu. Mtama ndo kimbembe, ukubwa unakaribiana, kupepeta kwenye ungo kunasaidia maana mbegu za mnanaha ni bapa na nyepesi ila hazitoki zote. Kwa mtama kazi inafanyika shambani kabla ya kuvuna, pita mistari yote ung'oe, na wanaopura wasiweke mavuno juu ya ardhi yenye mashina ya mnanaha. Ukiona vipunje vyeusi bapa kwenye gunia usipeleke mashineni mpaka umechambua, na kama ni vingi kiasi cha kutochambulika, hilo gunia usiwape hata kuku.